Nani Analipia Sauti ya Uwanja? Redio za Michezo na Swali la Morogoro

Mwaka 1975 klabu ya Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara. Tangu ligi ya taifa ianze mwaka 1965, kombe lilikuwa halijatoka Dar es Salaam. Lilizunguka kati ya Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba, Cosmopolitan na Yanga. Mseto ndiyo iliyolipeleka mikoani kwa mara ya kwanza, na wananchi wengi walioifuatilia ligi hiyo waliifuatilia kwa chombo kimoja tu: Redio Tanzania Dar es Salaam.

Leo mkoa wa Morogoro una watu zaidi ya milioni 3.1 kwa sensa ya mwaka 2022, na una redio zake wenyewe, mjini, Kilosa na Ifakara. Saa za michezo hewani ni nyingi kuliko zilivyopata kuwa. Lakini kijana wa Mgeta au Matombo akiwasha redio jioni atasikia habari za mazoezi ya Simba, za usajili wa Yanga na za majeruhi wa Arsenal. Timu ya kata yake iliyocheza nusu fainali Jumapili iliyopita hataisikia, labda ndugu ampigie simu.

Imekuwaje redio zikaongezeka na mikoa ikapungua hewani? Wengi hujibu kwa kuwalaumu watangazaji, kwamba wamezoea Kariakoo, nyumbani kwa Simba na Yanga, na hawajui kwingine. Lawama hiyo haifiki mbali. Ukiifuata historia ya redio za michezo, hapa na ng'ambo, unakuta kanuni moja inayojirudia: anayelipia matangazo ndiye anayechagua mchezo upi usikike. Akibadilika mlipaji, hubadilika mchezo.

Serikali ilipokuwa mlipaji

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalifanya idara yake na kuliita Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata haikuwapo redio nyingine yenye makao Tanzania Bara. Televisheni nayo ilikuja Bara mwaka 1994 tu, miaka 20 baada ya Zanzibar.

Kutangaza mpira moja kwa moja kutoka mkoani wakati huo kulikuwa kazi nzito. Ilihitajika laini ya simu kutoka uwanjani hadi studio, mafundi mitambo, gari, posho za safari, na watangazaji wawili wa kupokezana ili sauti isichoke. Hapakuwa na mfanyabiashara wa kulipia yote hayo kwa ajili ya mechi ya Morogoro au Songea. Serikali ililipa kwa sababu ilikuwa na shabaha yake: watu wa Kigoma na watu wa Mtwara wajione wa nchi moja, na ligi ya taifa ilikuwa njia rahisi ya kuwafikisha huko. Kwa hesabu hiyo mechi ya Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, ilikuwa habari ya taifa.

Ndipo yalipojengeka majina ambayo wazee wa leo huyataja kama wachezaji: Ahmed Jongo, Tido Mhando, Mikidadi Mahmoud, Charles Hilary, na Halima Mchuka, aliyethibitisha kwamba mwanamke anaweza kutangaza mpira na taifa zima likamsikiliza. Kazi yao ilikuwa kumfanya asiyeona aone. Walisema timu ipi inashambulia lango la kaskazini na ipi la kusini, mpira uko upande wa jukwaa kuu au wa mzunguko, nani kaupokea kwa kifua na nani kauondosha. Mwaka 1979, Peter Tino alipoisawazishia Taifa Stars mjini Ndola dhidi ya Zambia, sare ya 1-1 iliyowapeleka fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria, Tanzania Bara ililipokea bao hilo kwa masikio.

Tusiupambe wakati huo kupita kiasi. Idhaa zilikuwa chache na saa za michezo zilikuwa chache. Mechi iliweza kukatishwa kwa taarifa ya habari au hotuba. Michezo ya wilaya haikutangazwa wakati ule pia. Morogoro ilisikika kwa sababu ilikuwa na timu kwenye ligi ya taifa. Lakini mlango ulikuwa wazi: timu ya mkoani ikipanda, sauti iliifuata. Baada ya Mseto ubingwa ulifika Tukuyu mwaka 1986 na Tanga mwaka 1988 kwa Coastal Union. Mwaka 1999 na 2000 ulirudi mkoani Morogoro, safari hii kwa Mtibwa Sugar ya Turiani, timu iliyobebwa na kiwanda cha sukari. Hadi leo hakuna bingwa mwingine kutoka mkoa huo.

Kwa nini mbio ziliwahi kuzaa redio kamili

Nchi za nje zina vituo vinavyotangaza michezo kutwa kucha, na vingi vya kale zaidi vilisimama juu ya mbio. Australia ndiyo mfano ulio wazi. Mjini Melbourne, kituo cha 3UZ kilichoanza mwaka 1925 kilinunuliwa mwaka 1988 na wenye sekta ya mbio za farasi wa jimbo la Victoria. Kule Sydney, 2KY, kilichoanzishwa pia mwaka 1925 na baraza la vyama vya wafanyakazi, kiliishia mikononi mwa kampuni ya kubashiri na kuitwa Sky Sports Radio.

Mantiki yake ni nyepesi. Mbio moja ya farasi huchukua dakika chache, na katika mji mmoja huweza kukimbizwa mbio saba au nane kwa siku. Ukiunganisha miji kadhaa, pamoja na mbio za mbwa na za farasi wa magari, una tukio jipya kila baada ya dakika chache kuanzia mchana hadi usiku. Msikilizaji ameweka fedha, anataka matokeo papo hapo, na mbio inayofuata inamwita aweke tena. Redio haikuhitaji kumtafuta mwenye sabuni alipie matangazo. Ilikuwa sehemu ya mashine ya kubashiri. Ilipata faida kila msikilizaji alipokwenda dirishani kubashiri.

Vituo vya michezo visivyotegemea mbio vilichelewa. WFAN ya New York ilianza mwaka 1987, na talkSPORT ya Uingereza ilichukua sura yake ya michezo mwaka 2000. BBC Radio 5 Live ya mwaka 1994 ni habari tofauti, kwa kuwa inalipiwa na ada ya wananchi. Vituo hivi vyote vilikuta tatizo ambalo mbio hazina: mechi si nyingi, na kila moja huisha baada ya saa chache. Saa zilizobaki zijazwe na nini? Vikajibu: kwa mazungumzo. Simu za mashabiki, mabishano na utabiri vikawa mhimili wa redio yenyewe, na mchezo ukabaki kuwa kisingizio.

Afrika Mashariki tulipata mbio zetu, ila hazikujenga kituo. Mbio za farasi za Ngong, Nairobi, zilibaki burudani ya wachache. Mbio zilizoteka redio ni za magari. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka. Mashindano ya kilomita maelfu kwenye tope na vumbi hayaonekani yote na mtu yeyote. Aliyesimama barabarani huona gari likipita mara moja, basi. Redio ndiyo iliyoyakusanya yakawa kisa kimoja. Kwa njia hiyo watoto waliokuwa hawajapanda gari walimjua Joginder Singh, bingwa wa 1965, 1974 na 1976, na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam aliyeshinda na Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967. Lakini Safari ilikuwa sikukuu ya mara moja kwa mwaka, na baada ya katikati ya miaka ya 1970 ikabaki ndani ya Kenya. Kituo cha redio hakiishi kwa sikukuu moja.

Soko lilipofunguliwa

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kumiliki vituo. Radio One ilianza mwaka 1994, Clouds FM ikafuata mwishoni mwa muongo huo, EFM mwaka 2014, Wasafi FM mwaka 2019, na Azam Media nayo ikaongeza UFM. RTD yenyewe ilipita katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania hadi kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Wakati huohuo BBC, kupitia kipindi cha Ulimwengu wa Soka, iliwazoesha wasikilizaji kuifuata Ligi Kuu ya Uingereza kwa Kiswahili kila Jumamosi.

Vituo hivi vya biashara havikujiita redio za michezo, lakini michezo ikawa nguzo. Kipindi cha asubuhi kina michezo, cha mchana kina michezo, na saa za jioni, watu wakiwa kwenye daladala na vijiwe vikiwa vimejaa, ni za michezo. Kazi ya mtangazaji wa mpira ikampisha mchambuzi. Wa kwanza hueleza kinachotokea uwanjani. Wa pili hueleza kilichotokea, kitakachotokea, na kilichopaswa kutokea. Wapo wachambuzi hodari wenye kuisoma mechi kwa undani. Ila ukweli wa kihesabu ni kwamba mazungumzo ni rahisi kuliko safari. Watu watatu studioni wakibishana juu ya kocha wa Yanga hawahitaji gari, mafuta wala posho.

Mwaka 2021 jambo hili lilipewa bei. Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni za Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka huohuo TBC ilichukua haki za redio kwa miaka 10, kwa takriban shilingi bilioni 3. Bei ya picha ikawa takriban mara 75 ya bei ya sauti. Takwimu hizi mbili zinaeleza mengi. Kwanza, fedha za mpira zimehamia kwenye king'amuzi na vibanda umiza vya kutazamia mechi. Pili, haki za redio zikiwa mkononi mwa mmoja, kituo kingine hakiwezi kuitangaza mechi ya Ligi Kuu moja kwa moja bila kibali, hata ikichezwa mtaa wa pili kutoka studio zake. Kinachobaki huru ni maneno. Kwa hiyo redio zikazidisha maneno, na maneno yanayovuta wasikilizaji wengi ni ya Simba na Yanga.

Mlima na mnara

Morogoro ina kizuizi kingine, nacho ni mlima. RTD ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati hufuata uso wa ardhi na usiku hurudishwa kutoka angani. Ya masafa mafupi huruka mbali zaidi kwa njia hiyo. Redio ya mbao yenye betri nzuri ilishika kituo hata nyuma ya kilima. FM ina sauti safi, lakini husafiri karibu kama mwanga: ikikuta mlima hukoma.

Milima ya Uluguru inaanzia mgongoni mwa mji. Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kinachoutazama kina zaidi ya mita 2,100, na cha Kimhandu, kusini zaidi, kinapita mita 2,600. Mnara ulio mjini unaona vizuri tambarare za kaskazini kuelekea Dakawa na barabara kuu ya Dar es Salaam. Mabonde ya Mgeta upande wa magharibi, na ya Matombo na Kolero upande wa mashariki, yamekingwa na mlima wenyewe. Kuyafikia yote kunahitaji minara ya nyongeza, na kila mnara unataka umeme, ulinzi, fundi na ada za leseni. Mwenye kituo hupiga hesabu: je, mkulima wa mboga wa Nyandira atanunua nini kutokana na matangazo yangu, hata niongeze mnara kwa ajili yake?

Vituo vya mkoa vimefanya kazi ndani ya mipaka hiyo. Abood FM na Planet FM zilijenga wasikilizaji mjini. Radio Ukweli ya Jimbo Katoliki la Morogoro ilikuwa na wito wa dini na elimu. Redio Jamii Kilosa na Pambazuko FM ya Ifakara zilianzishwa kuwahudumia wananchi wa maeneo yao. Vyote vinahitaji michezo, na hakuna kinachoweza kuwa cha michezo peke yake. Wafanyabiashara wenye uwezo wa kulipia matangazo mkoani si wengi, na kampuni kubwa za simu, vinywaji na benki hununua muda Dar es Salaam, kwa vituo vya Dar es Salaam. Kituo cha mkoa kikitaka sehemu ya fedha hizo hujitahidi kufanana na vile vya Dar, na kufanana maana yake ni Simba na Yanga. Wakati huohuo Mtibwa Sugar ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2023/24, ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Msimu mzima wa kupigania kurudi, ambao kwa redio ya nyumbani ungekuwa kisa cha kila wiki, taifa liliusikia kwa vipande.

Mlipaji mpya na masharti yake

Katika miaka ya karibuni ameingia mlipaji ambaye Melbourne na Sydney walimjua zamani: kampuni za kubashiri. SportPesa ilizidhamini Simba na Yanga kwa pamoja kuanzia mwaka 2017. Mwaka 2022 M-Bet iliingia na Simba kwa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 26. Matangazo ya kampuni hizi yamejaa kwenye vipindi vya michezo, na lugha ya mikeka, yaani orodha za mechi za kubashiri, na odds imekuwa lugha ya kawaida hewani.

Inaonekana basi kwamba redio kamili ya michezo sasa inawezekana hata kwetu, kwa kuwa yule aliyeilipia kwingine amefika. Kuna tofauti mbili. Ya kwanza, kule redio ilitangaza mbio za jimbo lake, na sehemu ya fedha za kubashiri ilirudi kwa wafugaji, waendesha farasi na viwanja vya hapohapo. Kwetu mtu wa Kihonda, Morogoro mjini, hubashiri juu ya mechi ya Hispania au Brazil. Mchezo wa Morogoro haupo kwenye mkeka, kwa hiyo kampuni haina haja nao hewani. Ya pili, mlipaji huyu anaweza kuondolewa kwa amri ya siku moja. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwenye vyombo vyote vya habari kwa siku 30. Tanzania ina Bodi yake ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003, na hoja za kuwalinda vijana zinasikika hapa pia. Kituo kilichojengwa juu ya nguzo hiyo peke yake kimejengwa juu ya uamuzi wa mtu mwingine.

Kinachowezekana

Kama kanuni ni kwamba anayelipa ndiye anayechagua, Morogoro haihitaji kuwaomba watangazaji wawe na uzalendo zaidi. Inahitaji walipaji wenye sababu ya kutaka michezo ya Morogoro isikike. Wapo, ila hawajaunganishwa.

Dar es Salaam yenyewe imetoa funzo. Mashindano ya Ndondo Cup, yaliyoasisiwa mwaka 2014 na mtangazaji Shaffih Dauda wa Clouds, yalichukua soka la mtaani, ambalo halina haki za kununua wala mkataba wa kuvunja, na kulifanya tukio la redio. Kituo kilijitengenezea mchezo wake badala ya kupanga foleni kwa mchezo wa mwingine, na wadhamini wakaufuata umati. Kata za Morogoro zina ndondo zake, za kugombea jezi, mbuzi au ng'ombe. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA hupita kila mwaka kuanzia ngazi ya chini hadi taifa. Mkoa una vyuo vikuu viwili vikubwa, Sokoine na Mzumbe, vyenye wanafunzi wanaocheza na wanaoweza kufundishwa kutangaza. Viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kilombero vina wafanyakazi na wakulima wa nje ambao michezo yao ni sehemu ya maisha ya mashamba.

Gharama nayo si ile ya enzi za laini ya simu. Simu moja ya mkononi yenye mtandao inatosha kupeleka sauti ya mechi studioni, na pale mtandao unapokosekana, taarifa ya dakika tatu kwa simu ya kawaida inaweza kusomwa baada ya mechi. Wanaohitajika ni waandishi wa tarafa, wenye kulipwa kwa kila taarifa, na kipindi cha saa mbili kila Jumapili jioni ambacho wananchi wanajua hakikosi. Mdhamini wa kipindi hicho anaweza kuwa duka la pembejeo, chama cha akiba na mikopo, mwenye mabasi ya Mgeta au halmashauri. Fedha zao ni ndogo mbele ya bilioni za Azam na M-Bet, lakini wateja wao wako mlimani na bondeni, si Kariakoo. Wadhamini hao ndio wanaofaidika Matombo ikitajwa.

Wapo watakaosema redio yenyewe inaondoka, na vijana wamehamia kwenye simu. Kwa mjini hoja hiyo ina uzito. Milimani bando bado ni gharama ya kuhesabiwa, na mtandao hupotea kwenye mabonde yaleyale ambako FM hupotea. Zaidi ya hapo, mtandao haujaifuta kanuni ya mlipaji: ukurasa wa michezo unaotafuta watazamaji wengi huishia Kariakoo vilevile. Chombo kikibadilika bila mlipaji kubadilika, yatasikika yaleyale.

Kwa hiyo kituo cha michezo cha saa 24 mkoani Morogoro si jambo la kuliota kwa sasa; hakuna mbio wala mechi za kukijaza, na kikianza leo kitaishia kurudia mazungumzo ya Dar es Salaam kwa sauti hafifu zaidi. Saa mbili kwa wiki, zilizolipiwa na watu wa mkoa kwa ajili ya michezo ya mkoa, zinawezekana msimu ujao. Kipimo cha kufanikiwa kwake kitakuwa rahisi pia: mdhamini wa kwanza akimaliza mkataba wake, arudi mwenyewe kuuliza bei ya mwaka wa pili.